MJADALA: Fleti za BnB (za kulaza wageni wa siku chache) Mombasa nazo zilipe ushuru wa utalii, ama ziachwe?

Mimi nasema walipe. Nina lojing ya vyumba tisa huku Bamburi na kila mwezi natoa ushuru huo, asilimia 2 ya mauzo, sio ya faida, mauzo yote, hata ule mwezi stima imenimaliza. Ongeza leseni, ongeza wakaguzi wanaokuja kuhesabu mitungi ya kuzima moto. Sasa ng'ambo ya barabara kuna gorofa ambayo fleti sita zishageuzwa BnB, funguo ziko kwa soja wa geti ndani ya kopo la maziwa, mgeni anafika saa nane usiku anatuma pesa kwa M-Pesa kwa mwenye fleti aliye Nairobi, basi imeisha. Jumatatu ukiangalia juu ya paa ni mashuka meupe tupu utadhani hospitali.

Na sheria sio mpya jamani, ile ya utalii ya 2011 imetaja mpaka villa na homestay. Januari 2024 wasichana wawili walipouawa kwenye BnB za Nairobi tukaambiwa wenye BnB wote wajisajili. Huyo soja ukimuuliza cheti atakuonyesha hilo kopo.

—Bosi wewe una vyumba tisa, mimi nina kafleti kamoja Mtwapa. App ya kuleta wageni inakata yake, wifi juu yangu, tokeni ya stima juu yangu, mama wa usafi juu yangu, halafu Mei wageni hakuna kabisa. Tena nitoe asilimia 2?

Ndugu yangu, Mei kama hujauza hudaiwi kitu, asilimia 2 ya sufuri ni sufuri. Ukiuza usiku mmoja 4,000 ni shilingi 80, soda na mahamri mawili. Mwenzako anayempangisha mwalimu kwa 25,000 KRA, watu wa ushuru, inachukua asilimia 7.5 ya kodi ya nyumba yote, hata akipaka rangi hapunguziwi. Kwa hiyo anayelaza mtu mwaka mzima anabanwa, wewe wa kulaza siku mbili unapita? Ndio maana huyo mwalimu anaambiwa ahame, fleti igeuzwe BnB.

Kinachonisumbua ni ukusanyaji. App inaweza kuambiwa ikate yenyewe, sawa, lakini wengi wenu hapa mnapokea wageni kwa WhatsApp. Huyo nani atamkata?