Naomba ushauri: binti yangu hatakiwi kula ngano, uji unanishinda

Habari zenu wazazi wenzangu. Nina binti wa miaka 6, tunaishi Dar es Salaam. Mwaka jana, baada ya kuharisha kwa muda mrefu bila kuongezeka uzito, vipimo vya damu na vya utumbo vilionyesha ana seliaki, yaani ugonjwa ambao utumbo huumizwa na protini iliyomo kwenye ngano na nafaka za jamii yake. Daktari akasema ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai asiguse tena maisha yake yote, hata kidogo.

Nyumbani tunajitahidi. Ugali, wali, ndizi, muhogo na viazi anakula vizuri, na chapati nimeziondoa kabisa jikoni (baba yake bado ananuna). Vitumbua napika mwenyewe, maana vya kununua wengine huchanganya na unga wa ngano.

Shida ni uji. Nanunua ulezi na mtama, napeta, naosha, naanika, kisha napeleka mashineni. Mashine hiyo hiyo inasaga ngano za watu. Nimemwomba kijana wa pale anisagie wa kwanza asubuhi, lakini unga wa jana si bado umo ndani? Siku akinywa uji tumbo linamvimba. Nimejaribu kutwanga kwa kinu, mikono imegoma.

Kuna anayesaga nafaka nyumbani, kilo 2 hivi kwa wiki, bila mashine ya bei kubwa? Mnatumia nini? Na shuleni, wenzake wakipewa maandazi saa 4, mnawafungia watoto wenu nini ili wasijione wametengwa?