Redio ya upepo inalia kufuata resi kwenye lori la magogo, Mufindi

Dereva wa Magogo

Kamwene wakuu. Nabeba magogo kutoka shamba la miti la Sao Hill kuleta Mafinga. Lori ni la zamani, pampu ya kawaida isiyo na kompyuta, umeme volti 24. Redio ya upepo ni ya volti 12, wati 25, nimeifunga kupitia konveta, ile ya kushusha 24 iwe 12.

Injini ikiwaka tu, spika inaanza kulia kama nyuki. Kwenye silensa mlio ni mwembamba, nikikanyaga mafuta unapanda na resi, nikiachia unashuka. Nikizima injini huku redio ikiwa bado imewashwa, kimya. Wenzangu wanasema hata nikiongea mimi wanausikia nyuma ya sauti yangu. Fundi mmoja alinibadilishia antena, nimelipa, mlio uko palepale.

Kule msituni barabara ni ya gari moja. Anayeshuka na mzigo anatangaza alipofika, aliye mtupu anatafuta pa kujibana. Jumanne alfajiri ukungu ulikuwa mzito, taa zinanirudia usoni. Nikasikia "nashuka na mzigo, nimepita..." na jina la mahali likamezwa na ule mlio. Nikajibana bila kujua kama yuko mbali au yuko kona inayofuata. Haikuchukua muda akapita, tela limejaa, matairi yananirushia tope mpaka dirishani. Utingo wangu ni mtoto wa dada yangu. Naombeni msaada.

Fundi Umeme Uyole

Pole sana kaka. Dizeli haina plagi, kwa hiyo ile kelele ya kupasuka-pasuka ya magari ya petroli usiitafute hapo. Mlio unaopanda na resi, wa kwanza kushukiwa ni alteneta, ile inayochaji betri. Umeme wake huzaliwa ukienda na kurudi, dayodi ndizo zinazounyoosha, ila hazinyooshi ukawa laini kabisa. Mabaki humezwa na betri. Waya zikifungwa vibaya mabaki hayo yanaishia redioni. Na kwa kuwa wenzako wanausikia ukiongea, naona unapita kwenye waya wa moto au wa ethi, ule wa kurudisha umeme betri, si hewani.

Lakini tusibahatishe. Injini ikinguruma, chomoa waya wa antena nyuma ya redio usikilize tu. Mlio ukibaki, unatoka kwenye umeme. Ukikatika, unaletwa na antena. Usibonyeze kuongea antena ikiwa nje, utaunguza redio. Kisha weka mita upande wa AC kwenye betri zote mbili kwa pamoja, mtu apige resi. Ikifika nusu volti na kuendelea, dayodi zina walakini. Na asikudanganye mtu uchomoe kichwa cha betri injini ikiwaka eti unapima alteneta, ndiyo unaiua hapo hapo.

Nijibu pia: moto na ethi ya redio umevichukua wapi?

Suka wa Tunduma

Mkuu, mimi konveta niliiacha. Nilichukua moto kwenye betri moja tu, 12 safi, hakuna mlio.

Dereva wa Magogo

Kaka, hilo nililifanya mwaka jana. Betri niliyoichukulia moto ikawa haijai, mwenzake ikawa inachemka mpaka maji yanakauka. Nikanunua zote mbili. Nakuomba uziangalie za kwako mapema.

Fundi, nimepima. Antena nje, mlio uko vilevile. Mita inasoma 0.1. Moto niliuchukua kwenye waya wa kiwashio cha sigara, ethi nimeifunga kwenye skrubu ya dashibodi.

Fundi Umeme Uyole

Basi alteneta iache, nzima. Kebini ya lori imekalia raba, haigusani na chesisi chuma kwa chuma. Vinaunganishwa na mkanda wa ethi, ule uliosukwa kwa nyuzi za shaba. Ukioza, feni, waipa, taa na redio yako vyote vinagombania kanjia kamoja ka kurudi kwenye betri. Inua kebini uutafute. Halafu vuta waya mbili, moto na ethi, moja kwa moja kutoka betri hadi konveta, uzisokote pamoja, na fyuzi ya ampia 10 iwe karibu na betri, isiwe kwenye dashibodi. Redio ya wati 25 ikiongea inakula ampia 6 au 7, waya mwembamba wa spika hauwezi.

Mama Fuso Makambako

Mdogo wangu, ukimaliza hayo jaribu usiku ukiwa umewasha taa za LED, halafu uzizime. Gari letu moja lilikuwa linasikia vizuri mchana, giza likiingia haliwasikii walio mbali. Zile taa za bei rahisi zina kisakiti ndani kinachopiga kelele hewani, antena inaidaka.

Dereva wa Magogo

Jumapili nimeinua kebini. Mkanda upo upande wa dereva, umefunikwa tope na mafuta. Nilipoushika tu ukabaki mkononi. Nyuzi zimeliwa zikawa unga wa kijani, zilizokuwa zimeshika bado hazizidi nne. Aliyepaka chesisi rangi alipaka na pale penye boliti, kwa hiyo hata ule mkanda ulipokuwa mzima ulikuwa umefungwa juu ya rangi. Nimepiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nimefunga mpya, nimepaka grisi juu.

Nikawasha. Mlio ulipungua karibu nusu. Waya mbili za kutoka betri ndizo zilizoumaliza, sasa nikipiga resi spika iko kimya kabisa.

Dada wa Makambako, na wewe ulisema kweli. Nikiwasha zile LED mbili za juu, walio bondeni wanakatika. Nimezifungua, nimerudisha za balbu.

Fundi, nikipita Uyole nitakutafuta nikushike mkono. Leo alfajiri ukungu ulikuwepo tena, mwenzetu akatangaza anashuka. Nimelisikia jina la mahali lote, nikarudi nyuma kwenye uwazi nikamsubiri.