Kasri la Spiez na mizabibu yake, Ziwa Thun (Uswisi): siku moja inatosha?

Mkia_wa_Pweza
Wakuu salaam. Mwezi Septemba tutakuwa Bern, watu watatu: mimi, mama mwenye magoti mabovu, na mtoto wa miaka 9. Tunataka siku moja ya kuona kasri la Spiez, bustani zake na mashamba ya zabibu yanayolizunguka. Nimeona pia kwamba ng'ambo ya ziwa kuna kasri la Oberhofen. Je, yote mawili yanaingia ndani ya siku moja bila kumchosha mama? Tuanzie wapi? Na meli ni lazima, au treni inatosha?

Ratiba_Mkononi
Yanaingia, ila mpangilio ndio kila kitu. Wengi huanza na Oberhofen halafu wanamalizia Spiez, kisha jioni wanajikuta chini kabisa kando ya maji huku stesheni iko juu ya mlima. Kwa magoti ya mama hiyo ni adhabu. Geuza: anza Spiez, malizia Oberhofen.

Treni kutoka Bern hadi Spiez ni kama nusu saa, inapitia Thun. Ukitoka nje ya stesheni ya Spiez usikimbilie kushuka. Simama kwanza ukingoni uangalie: ghuba, kasri kwenye rasi yake, mizabibu mlimani nyuma yake, na ziwa lote. Picha unazoziona kwenye kadi nyingi zimepigwa upande huu. Kuteremka hadi kasri ni kama dakika 15 kwa mwendo wa kawaida. Kwa mama weka 25. Mkishafika chini hampandi tena, kwa sababu mnaondokea gatini.

Baada ya Spiez mnapanda meli hadi Oberhofen, na kutoka Oberhofen basi namba 21 linawarudisha stesheni ya Thun kwa kama robo saa. Hapo treni za Bern ni nyingi.

Sababu nyingine ni jua. Oberhofen inatazama kusini-magharibi, kwa hiyo ukiikaribia kwa meli alasiri, ukuta wote na kile kimnara kidogo kilichosimama ndani ya maji vinawaka kwa mwanga. Asubuhi vinakuwa kivulini. Na meli inapoondoka Spiez geukeni nyuma: kasri mbele, na mlima Niesen (mita 2,362) umesimama nyuma yake kama piramidi.

Mkikosa meli msihangaike. Pandeni taratibu hadi stesheni, treni ya Thun ni dakika 10, kisha basi lile lile namba 21 kwa upande wa pili. Ndiyo maana naupenda mpango huu, hauna sehemu ya kukwama.

Bi_Mchanga
Naongezea kuhusu siku. Epukeni Jumatatu, Oberhofen makumbusho hufungwa. Na wanaosoma uzi huu wakipanga safari ya Desemba: makumbusho ya makasri yote mawili hufunga majira ya baridi na meli hupungua sana. Utazunguka nje tu.

Ndani ya Spiez, kwa mama: bustani na uwanja wa kasri huingii kwa tiketi, unalipia makumbusho tu. Makumbusho ni ngazi juu ya ngazi, na mnara ndio zaidi. Mwacheni mama bustanini kwenye benchi linalotazama maji, nyie wawili pandeni. Lakini kikanisa asikikose, kiko hapo hapo kando ya kasri na ni cha mwaka 1000 hivi. Ukiingia utaona mara moja kwamba sehemu ya madhabahu imeinuliwa juu kuliko sakafu ya waumini. Si pambo: chini yake kuna chumba cha chini, na ndicho kilichoiinua. Tazameni pia mwisho wa jengo kwa nje, kuta tatu za nusu duara zimepangana, ya kati kubwa.

Ndani ya kasri msipite haraka kwenye ukumbi wa sherehe wenye dari ya nakshi za plasta, kazi ya mwaka 1614. Wakati huo kasri lilikuwa la ukoo wa von Erlach, waliolishika kuanzia 1516 hadi 1875. Kabla yao walikuwa von Bubenberg, na Adrian von Bubenberg ndiye aliyeongoza ulinzi wa mji wa Murten mwaka 1476 dhidi ya Charles wa Burgundy.

Mkia_wa_Pweza
Asanteni sana. Vipi mizabibu yenyewe, tunaruhusiwa kupita katikati? Na kwa nini zabibu zinakubali pale wakati milima ya barafu iko karibu hivyo?

Shina_na_Tawi
Njia za kutembea zipo kati ya matuta, pita ukibaki njiani. Zabibu usiguse hata moja. Septemba mtakuta nyavu zimefunika mistari kwa ajili ya ndege, na mtoto akivuta wavu kidogo tu unaacha upenyo, ndege wanaingia na kunaswa. Mwambieni mapema. Angalieni pia majani yaliyo usawa wa vishada: mengi yameondolewa kwa mkono ili hewa ipite, maana kishada kikikaa na unyevu kinaota ukungu.

Kuhusu swali lako la pili. Uso wa ziwa uko mita 558 juu ya bahari, na mizabibu iko juu kidogo ya hapo. Kwa zabibu za Uswisi ya kaskazini hiyo ni juu mno. Kinachookoa ni vitu vitatu. Maji ya ziwa yanatunza joto la kiangazi na kulitoa polepole, hivyo usiku wa vuli hauwi mkali. Mteremko unapokea jua kwa pembe nzuri. Halafu kuna Föhn, upepo mkavu wa joto unaoshuka kutoka milimani kusini. Ukivuma siku chache kabla ya mavuno zabibu zinaiva haraka. Hatari kubwa ni baridi ya masika, machipukizi yakishatoka, na mvua ya mawe.

Mizabibu hii si ya tangu enzi bila kukatika. Ilikufa mwanzoni mwa karne ya 20, kwa magonjwa na kwa mvinyo wa bei rahisi ulioletwa na reli, ikapandwa upya mwishoni mwa miaka ya 1920.

Kwenye chupa nyeupe mtaona jina Riesling-Silvaner. Jina linadanganya. Hermann Müller, Mswisi kutoka Thurgau, aliizalisha mbegu hiyo mwaka 1882, na kwa miaka mingi watu waliamini ni Riesling na Silvaner. Vipimo vya vinasaba vilionyesha mzazi wa pili ni Madeleine Royale. Lebo imebaki vile vile. Nyekundu ni Blauburgunder, yaani Pinot Noir.

Ratiba_Mkononi
Mambo ya meli yanayowakosesha watu:

Sitaha ya juu mara nyingi ni daraja la kwanza. Ukikaa huko na tiketi ya daraja la pili utaombwa nyongeza. Soma namba kwenye mlango.

Swiss Travel Pass inalipia treni, basi, meli na makumbusho mengi. Mtoto chini ya miaka 16 akiwa na mzazi mwenye pasi hiyo husafiri bure kwa Swiss Family Card, lakini lazima uiombe unaponunua pasi, haiji yenyewe.

Ratiba zinaandikwa kwa saa 24. Meli ya 14.00 ni saa 8 mchana yetu. Kuna waliofika gatini saa 2 usiku.

Taa za rangi ya chungwa kando ya ziwa zikimetameta mara 40 kwa dakika ni tahadhari ya upepo, mara 90 ni onyo la dhoruba. Mkiona 90, msisubiri meli, shikeni treni.

Mkibahatika kupata meli ya mvuke Blümlisalp (ya mwaka 1906), mpelekeni mtoto katikati ya sitaha, injini inaonekana ikizungusha magurudumu ya kusukuma maji.

Bi_Mchanga
Oberhofen mtoto atafurahia kijumba cha watoto kilichomo bustanini, na mama ana njia tambarare kando ya maji. Juu kabisa ya mnara kuna chumba cha kuvutia tumbaku cha mtindo wa Kituruki, cha 1855. Mkifika mmechoka, achaneni na vyumba vingine, pandeni mkione hicho tu. Maji ya chemchemi za mjini mnaweza kujaza chupa, isipokuwa palipoandikwa Kein Trinkwasser (si maji ya kunywa).

Mkia_wa_Pweza
Basi Jumanne, treni ya saa 3 asubuhi. Mama keshauliza benchi la bustanini liko upande gani.

Bi_Mchanga
Upande wa maji. Achukue kitambaa cha mabega, upepo wa ziwani hauangalii mwezi.