IST ya mkononi mita imegota au ya yadi kilomita chache?

Mdau wa Nkuhungu: Wakuu, natafuta Toyota IST ya kwendea kazini Mtumba. Nimepata mbili. Moja ni ya mtu hapa hapa Dodoma, mita ya kilomita imegota 186,000. Nyingine iko yadi, inasoma 68,000. Nichukue ipi?

Kipanya D: Bei? Mwaka? Hiyo iliyogota, mshale wa spidi unacheza au nao umelala? Ya yadi karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoonyesha hali ya gari na kilomita, umeiona? Maelezo nusu, ushauri unataka mzima.

Mama Kisasa: Chukua ya yadi. Gari ya mkononi unanunua matatizo ya mtu.

Mzee wa Manyoni: Dada, ngoja. Mimi nilichukua Spacio yadi moja Dar, kilomita sabini na kitu, viti safi, dashibodi inang'aa. Kufika huku nikaipeleka kwa fundi Majengo abadilishe oili. Kafungua mlango wa dereva, pembeni kuna stika ya oili ya Kijapani wamesahau kuibandua: 151,000! Nampigia muuzaji, eti stika ni ya gari nyingine. Imehamaje? Kucheki pedali ya breki, mpira umelika mpaka chuma kinachungulia. Watu wanashusha kilomita kwa laptopu, muda wa kunywa soda tu. Bora iliyogota, unajua kabisa haisemi kitu.

Fundi Chang'ombe: Mshale na kilomita vikifa pamoja, anza na sensa ya spidi au waya. Mshale ukicheza namba zikagoma, dashibodi yenyewe ina shida. Wengine wanachomeka dashibodi ya gari iliyokatwa, hapo umerithi kilomita za mwenzako. Kuna Prius za Marekani, za 2004 hadi 2009, zikifika maili 299,999 mita inaishia hapo, gari bado nzima.

Kipanya D: Tairi kubwa nazo zinapandisha kilomita.

Fundi Chang'ombe: Kinyume, mkuu. Tairi kubwa inazunguka mara chache, mita inahesabu pungufu. Pima kwa vibao vya kilomita barabara ya Dar.

Kipanya D: Vibao vyenyewe malori yameshavigonga.

Mama Kisasa: Mleta mada, bei hujataja bado.

Mdau wa Nkuhungu: Ya mkononi mwenyewe anasema tutaelewana. Mshale sikuuangalia, alikuwa anaendesha yeye.

Mzee wa Manyoni: Anaendesha yeye!!

Kipanya D: Kwenye tairi hapo, nina rimu za inchi 15 nauza. Nipo Area C, njoo inbox.