Mrejesho: mboga za tabaka zilizokuwa zikitoa maji kwenye oveni

Niliuliza kwa nini mabiringanya, viazi na nyanya nilizopanga tabaka kwa tabaka zilitoka kwenye oveni zikiogelea kwenye maji, huku viazi vya chini vikibaki vigumu. Asanteni sana kwa majibu, safari hii imekubali.

Kosa kubwa lilikuwa kuweka mabiringanya mabichi. Sasa nakata kilo 1 vipande vya unene wa sentimita 1, nanyunyizia chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, nayaacha kwenye chujio dakika 30. Matone ya rangi ya kahawia hafifu yanajitokeza juu ya kila kipande kama jasho. Yafute kwa kitambaa kikavu ukibonyeza kidogo, paka mafuta, oka peke yake kwa nyuzi 220 kama dakika 25. Rojo la nyanya halihitaji chumvi tena.

Viazi nakata milimita 3 na kuchemsha dakika 5. Asidi ya nyanya huvichelewesha kulainika, kwa hiyo vikae chini kabisa, mabiringanya juu yake, ndipo rojo. Rojo lenyewe lichemke bila mfuniko mpaka ukipitisha mwiko uache njia kwenye sufuria.

Ukishapanga tabaka zote, oka kwa nyuzi 190: dakika 25 kwa kufunika, 20 wazi, jibini dakika 10 za mwisho.

Aliyesisitiza kusubiri dakika 20 kabla ya kukata, ubarikiwe. Ukikata moto moto, tabaka zinateleza na maji yanarudi palepale.