Kujua MB za programu kabla ya kuivuta

MkaziWaIgoma: Wakuu niko Mwanza natumia Debian (mfumo wa Linux), bando lenyewe la kupima kwa kijiko, nitajuaje gimp (programu ya kuhariri picha) ina MB ngapi kabla sijaivuta? Natumia teminali tu (dirisha la kuandika amri)

Sangara: apt show gimp, soma Download-Size. Installed-Size ni nafasi itakayokula kwenye diski, usichanganye. Ila anza na sudo apt update maana apt show inasoma orodha iliyoko kwenye mashine yako, unaweza kuona mambo ya mwezi jana ukashangilia bure

DagaaMkavu: hiyo ni yenyewe tu bila ndugu zake (vifurushi vingine inavyovitegemea)! Piga sudo apt install gimp, itakutajia jumla ya MB ikuulize kama uendelee, jibu n (hapana)

Sangara: kweli. Toleo na linakotoka ni apt policy gimp

MkaziWaIgoma: duh kumbe ndugu ndo wengi, nasubiri bando la usiku