Tupeane uzoefu: kituo cha mgonjwa aliyetoka thieta

Wodi Kuu: Wakuu, OSCE, ule mtihani wa vitendo wa kupita kituo kwa kituo, inakaribia. Kile kituo cha doli (sanamu ya mgonjwa) aliyetoka thieta, watu wanaangukia wapi? Mwageni nondo.

Mama Chati: Wanakimbilia presha. Anza na njia ya hewa: mwite jina, sikiliza kama anakoroma, inua kidevu. Pumzi hesabu dakika nzima, siyo sekunde 15 mara nne. Kama nusu kaputi haijamtoka, mlaze ubavu. Vipimo kila dakika 15 saa ya kwanza, kila dakika 30 saa ya pili, kisha kila saa. Andika na muda wake palepale.

Kijana wa Thieta: Naunga mkono. Pumzi zikishuka chini ya 10 kwa dakika baada ya pethidini (dawa kali ya maumivu), usibanduke hapo. Ita daktari.

Matone42: Na dripu jamani! Lita moja kwa saa 8, seti (mrija wa dripu) ya matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Seti ya 15 ni matone 31. Soma pakiti kwanza.

Binti wa Leba: Kinachomaliza watu ni mama wa upasuaji wa uzazi. Presha 100/60, mapigo 124, bandeji nyeupe pee. Mtahiniwa anaandika "hali nzuri". Kumbe mwalimu kamwaga rangi nyekundu chini ya kiuno cha doli, na mfuko wa mkojo umeingiza mililita 15 tu kwa saa. Mama wa kilo 60 anatakiwa angalau 30. Mishipa inajibana na moyo unakimbia kufidia damu inayopotea, ndiyo maana mapigo hupanda presha ikiwa bado inasomeka vizuri. Ukisubiri 80/50 umeshachelewa. Ingiza mkono chini ya kiuno, fungua pedi, shika kizazi. Kikiwa laini, sugua mpaka kikaze huku unaita msaada. Oksijeni, kanula (sindano ya dripu) ya pili nene, sampuli ya damu ya kupima kundi.

Matone42: Aisee, hiyo ya chini ya kiuno wengi hawaigusi kabisa.

Mkongwe: Msisahau: mgonjwa wa upasuaji, hakuna kitu mdomoni mpaka atoe upepo (ajambe).

Binti wa Leba: Hapana mkuu. Mama wa upasuaji wa uzazi akiwa macho na hatapiki, anaanza kunywa kidogo kidogo mapema. Hasubiri upepo.

Mkongwe: Na aliyeunganishwa utumbo naye anywe?

Binti wa Leba: Huyo fuata maagizo ya daktari wake kwenye faili. Usituchanganyie wagonjwa wawili.

Wodi Kuu: Kuongea na doli ni lazima?

Kijana wa Thieta: Fanya kimya, muda ni mchache.

Mama Chati: Usimsikilize. Mtahini hatoi maksi za ulichowaza. "Mama, nakufunga mkanda wa presha", huku mikono inafanya kazi. Na kama alichomwa ganzi ya mgongo, kabla hujamshusha kitandani mwambie akunje magoti yote mawili. Mtahini atakujibu kwa niaba ya doli.